Upungufu wa wanamaji hauanzi kwenye ofisi ya uandikishaji

Mwaka 2023 Jeshi la Majini la Marekani lilikosa lengo lake la kuandikisha askari wa vyeo vya chini kwa zaidi ya watu 7,000. Katika mwaka huohuo wa fedha, majeshi ya ulinzi ya Japani, kikosi cha majini kikiwemo, yalipata takriban nusu tu ya vijana waliohitajika. Walinzi wa Pwani wa Marekani nao walifikia hatua ya kuegesha baadhi ya meli na kupunguza kazi za vituo vidogo, maana kwa hesabu yao wenyewe walipungukiwa na karibu mtu mmoja katika kila kumi. Dawa zilizotolewa zinajulikana. Nchini Marekani umri wa mwisho wa kujiunga na wanamaji ulipandishwa kutoka miaka 39 hadi 41, sharti la cheti cha sekondari likalegezwa kwa anayefanya vizuri katika mtihani wa kuingia, na posho za kujiunga zikafika makumi ya maelfu ya dola. Dawa hizo zilisaidia: mwaka 2024 wanamaji hao na walinzi hao wa pwani walifikia malengo yao ya kuandikisha. Maofisa waliohangaika kwenye shule na viwanja vya michezo kutafuta vijana wanastahili pongezi zao.

Hata hivyo, ofisi ya uandikishaji inasifiwa na kulaumiwa kwa jambo ambalo sehemu yake kubwa haiko mikononi mwake. Kijana halikimbii jeshi akiwa mjini. Hulikimbia akiwa melini, mara nyingi kabla mkataba wake wa kwanza haujaisha, akishajua ni nani hasa anayemwamuru saa nane za usiku, na ni nani anayepokea simu mke wake anapopiga kuuliza. Uandikishaji, matunzo ya familia na uonevu dhidi ya makuruta vimewekwa katika idara tatu, kila moja na mkuu wake, bajeti yake na ripoti yake ya mwaka. Ndani ya meli ni jambo moja. Anayeongeza idadi ya wanaoingia bila kugusa hayo mawili mengine anatia maji kwenye pakacha.

Tuanze na nafasi zilizo wazi zenyewe. Wakaguzi wa serikali ya Marekani waliripoti kwamba kufikia Novemba 2023 meli za kubeba ndege, manowari nyingine za juu ya maji na nyambizi za mashambulizi zilipungukiwa na karibu askari 14,000. Ofisini, nafasi iliyo wazi ni mraba mtupu kwenye jedwali. Melini haikai wazi hata siku moja. Pampu itakaguliwa, rada itatazamwa, kutu itakwanguliwa, na zamu ya yule asiyekuwepo itagawanywa kwa waliopo. Wakaguzi haohao walikuwa wamekwisha kuonyesha, mwaka 2017, kwamba utafiti uliofanywa na jeshi lenyewe mwaka 2014 uliwakuta mabaharia wakiwa kazini saa 108 kwa wiki, ilhali mpango wa kazi uliwapangia takriban 80. Mwaka huohuo wa 2017, mwezi Juni, manowari Fitzgerald iligongana na meli ya mizigo karibu na Japani na mabaharia 7 wakafa. Mwezi Agosti manowari John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, wakafa 10. Sababu zilizotajwa na wachunguzi zilikuwa nyingi, zikiwemo mafunzo duni na uongozi mbovu, lakini uchovu ulitajwa pia.

Uchovu peke yake haumfanyi mtu kuwa katili. Humwondolea subira, na subira ndiyo kinga ya mdogo. Chukua sajenti wa miaka 25 mwenye makuruta wanne chini yake kwenye chumba cha injini, mahali palipopangiwa watu saba. Hajalala vya kutosha tangu meli ing'oe nanga. Mkuu wake anataka kazi ya watu saba. Njia ya haraka ya kuipata kutoka kwa watu wanne ni kuwatisha, na wala hakuna atakayemwita mwonevu, ataitwa mchapakazi. Naamini uonevu mwingi wa melini huanzia hapo, kwenye kazi halali iliyozidi watu, na ndipo baadaye hupata ladha yake yenyewe.

Na kuruta hana pa kwenda. Hilo ndilo linalotofautisha meli na kambi ya nchi kavu, na ni rahisi kulisahau kwa anayetunga kanuni akiwa ofisini. Askari wa nchi kavu aliyeonewa anaweza, angalau mara moja kwa wiki, kutoka getini, kukaa na nduguye na kupumua. Baharia analala kitanda kilicho hatua chache kutoka kwa anayemtesa, anakula naye, anaoga baada yake, na kesho ataamka na kumkuta palepale. Kwa hiyo kitendo kilekile kinachoweza kuonekana kidogo kambini, kwenye meli kinazidishwa na muda. Kofi la Jumatatu halikuisha Jumatatu. Linasubiriwa tena Jumanne.

Tunajua uonevu unavyokua. Kwanza ni utani: kuruta anatumwa kuleta kifaa ambacho hakipo, wenzake wanacheka, naye anacheka. Kisha ni zamu za ziada asizostahili, usingizi unaokatwa kwa makusudi, chakula kinachomalizwa kabla hajafika. Kisha ni mwili. Mwaka 1997 televisheni za Marekani zilionyesha picha za askari wa kikosi cha majini, Marine Corps, wakigongwa beji za parachuti kifuani bila vifuniko vya nyuma, pini zikizama kwenye nyama huku wenzao wakishangilia. Picha zenyewe zilikuwa zimechukuliwa miaka kadhaa nyuma. Kilichoniumiza zaidi ya damu ni kwamba waliogonga nao walikuwa wamegongwa. Kila mmoja alikuwa akilipiza kwa mtu ambaye hakumkosea.

Wapo watakaosema kwamba bahari ina mila zake na kwamba kuzifuta ni kuua undugu wa melini. Sipuuzi hoja hiyo. Sherehe ya kuvuka ikweta, ambayo wanaovuka kwa mara ya kwanza hupitishwa na wenzao, ina karne kadhaa, na mabaharia wengi wanaikumbuka kwa furaha mpaka uzeeni. Kwa maoni yangu haina haja ya kufutwa, mradi nahodha awepo na aone yote, iwe na saa ya kuanza na ya kwisha, maofisa wapya waipitie sawa na makuruta, na asiyetaka akae pembeni bila kuulizwa kesho yake. Yanayofanyika chini ya sitaha nyuma ya mlango uliofungwa hayana hata moja kati ya hayo. Ndiyo maana napenda kanuni za Marekani zinazosema kwamba ridhaa ya aliyeonewa haimwondolei hatia aliyemwonea. Kijana wa miaka 19 aliyezungukwa na watu kumi anaoishi nao atakubali karibu lolote. Kukubali kwake kunaonyesha hofu yake tu.

Hoja nyingine ni ile ya ugumu: kwamba vita haina huruma, basi anayevunjika kwa kuzomewa angevunjika pia kwa kombora. Ugumu wa kweli wa kazi hii naujua ulipo na nauheshimu. Uko kwenye zoezi la kuzima moto ndani ya chumba chenye moshi, kwenye kuziba tundu huku maji yakifika kiunoni, kwenye kusimama zamu ya usiku bila kusinzia. Yote hayo yanafundishika bila kumdhalilisha mtu, na yanafundishika vizuri zaidi. Tena uonevu unaharibu jambo moja ambalo meli haiwezi kuishi bila ya kuwa nalo, nalo ni ulimi wa mdogo. Mtazamaji mwenye cheo cha chini kuliko wote ndiye anayesimama nje gizani akiangalia taa za meli nyingine. Akiwa amefundishwa kwa makofi kwamba mdogo hasemi, siku atakapoona taa mahali isipotakiwa kuwapo atajiuliza kwanza kama inafaa kusema. Katika bahari yenye meli nyingi, muda huo wa kujiuliza unatosha kuua.

Mfano ninaourudia mara kwa mara ni wa manowari Tachikaze ya Japani. Mwaka 2004 baharia wa miaka 21, aliyekuwa amejiunga mwaka mmoja tu kabla, alijiua. Aliacha maandishi yaliyomtaja mkubwa wake aliyekuwa akimtesa. Mkubwa huyo alikuwa na mazoea ya kuwapiga wadogo na kuwafyatulia risasi za plastiki kwa bunduki ya kuchezea ndani ya meli. Baada ya kifo hicho jeshi liliwagawia mabaharia hojaji, wakaandika waliyoyaona. Wazazi waliposhtaki na kuziomba hojaji hizo, waliambiwa zimekwisha kutupwa. Hazikuwa zimetupwa. Ofisa wa jeshi hilohilo, mwanasheria aliyewahi kuishughulikia kesi hiyo kwa upande wa serikali, alijitokeza na kusema zipo. Mwaka 2012 jeshi likakiri. Mahakama ya wilaya ya Yokohama ilikuwa imewapa wazazi fidia ndogo mwaka 2011. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Tokyo iliipandisha hadi takriban yeni milioni 73, ikasema kwamba wakubwa wa meli wangeweza kulitarajia jambo hilo na kulizuia, na kwamba kuficha nyaraka kulikuwa kosa.

Karibu miaka kumi ilipita tangu kifo hadi hukumu hiyo. Katika miaka hiyo kulikuwa na familia moja iliyokuwa ikidai karatasi, na taasisi nzima iliyokuwa ikiiambia hazipo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa aliyekufa alikwisha kufa kabla ya kuficha kuanza. Kilichoumbuliwa ni heshima ya jeshi. Mzazi yeyote wa nchi ile aliyefuata kesi hiyo magazetini, na ambaye mtoto wake alikuja kumwambia anataka kuwa mwanamaji, alikuwa na cha kumjibu. Hakuna bango la uandikishaji linaloweza kushindana na jibu hilo.

Japani haiko peke yake. Walinzi wa Pwani wa Marekani walifanya uchunguzi wa miaka kadhaa kuhusu ubakaji na udhalilishaji wa kingono katika chuo chao cha maofisa, matukio ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2006. Uchunguzi ulifungwa mwaka 2020 na Bunge halikuambiwa mpaka 2023, waandishi wa habari walipokwisha kuunusa. Uingereza nayo, Oktoba 2024, mkuu wa Jeshi la Majini aliomba radhi hadharani baada ya uchunguzi kuthibitisha unyanyasaji wa wanawake ndani ya nyambizi. Kuomba radhi ni mwanzo mzuri. Tatizo liko kwenye mfumo unaofanya kuficha kuwe na faida. Kamanda ambaye meli yake haina malalamiko hata moja hupandishwa cheo haraka kuliko yule aliyepokea malalamiko matano na kuyamaliza, hivyo kila kamanda mwenye akili anajifunza kutopokea. Ningekuwa na sauti katika bodi ya kupandisha vyeo, ningemwogopa yule wa kwanza. Meli yenye vijana 200 isiyo na lalamiko lolote kwa mwaka mzima ina vijana 200 wasiomwamini mtu.

Sasa familia. Wengi huitazama kama hisani: zawadi za mwisho wa mwaka, siku ya wazazi, ofisi ndogo yenye picha za watoto ukutani. Historia inaonyesha kwamba familia imekuwa kiini cha jambo hili tangu zamani. Aprili 1797, mabaharia wa manowari 16 za Uingereza zilizokuwa Spithead, karibu na Portsmouth, walikataa kwenda baharini. Wengi wao walikuwa wamekamatwa kwa nguvu barabarani na bandarini, maana ndivyo jeshi lilivyojaza meli zake wakati huo. Mshahara wao ulikuwa haujaongezwa tangu 1658. Katika ombi lao kwa Bunge waliandika kwamba mshahara huo ulipowekwa bei za mahitaji zilikuwa chini sana, na kwamba mabaharia wa zamani hizo waliweza kutunza familia zao kuliko wao. Walidai pia chakula kamili, matunzo ya wagonjwa, mshahara kwa aliyejeruhiwa, na katika mazungumzo wakataka maofisa wakatili waondolewe melini.

Nenda kaitazame orodha hiyo tena. Jinsi ya kupata watu, familia zao, na ukatili, vyote vilikuwa mezani pamoja. Wale mabaharia, ambao wengi hawakuwa na elimu ya darasani, waliona kitu kimoja mahali ambapo leo tunaona idara tatu. Na walikuwa na nidhamu ya kushangaza: walichagua wajumbe wawili kila meli, wakaendelea na kazi za melini, wakaahidi kwenda kupigana endapo Wafaransa wangetokea. Mwezi mmoja baadaye walikuwa wamepata nyongeza ya mshahara na msamaha wa mfalme, na maofisa kadhaa waliokuwa wakilalamikiwa hawakurudi kwenye meli zao.

Somo lilisahauliwa. Septemba 1931 serikali ya Uingereza ilikata mishahara kwa ajili ya bajeti, na kwa baharia wa chini wa mkataba wa zamani makato yalikuwa shilingi moja katika kila nne, robo nzima. Wengi walizisoma habari hizo kwenye magazeti meli zilipotia nanga Invergordon, Scotland. Mtu aliyekuwa na mke, kodi ya nyumba na samani za mkopo alipiga hesabu palepale kwenye meza ya chakula na kuona haitoshi. Tarehe 15 meli kadhaa zilikataa kuondoka. Serikali ikapunguza makato hadi asilimia 10, na ndani ya siku chache, katikati ya taharuki hiyo ya fedha, Uingereza ikaacha kuifunga sarafu yake na dhahabu. Januari 2019, miaka karibu 90 baadaye, Walinzi wa Pwani wa Marekani zaidi ya 40,000 walikosa mshahara kwa sababu ya mvutano wa bajeti mjini Washington, huku wakiendelea kuokoa watu baharini kama kawaida. Kwa kuwa hawako chini ya wizara ya ulinzi, wenzao wa majeshi mengine walilipwa. Familia za walinzi hao zikapanga foleni za chakula cha msaada. Aliyeiona foleni ile na mama yake akiwa ndani yake alipata funzo kuhusu utumishi wa baharini ambalo posho ya kujiunga haitalifuta.

Lakini fedha ni sehemu nyepesi ya suala la familia, kwa sababu inahesabika. Sehemu nzito ni habari. Kwa miaka mingi mabaharia wa nyambizi za nyuklia za Uingereza walipokea ujumbe wa maneno 120 kwa wiki kutoka nyumbani, bila ruhusa ya kujibu, na habari mbaya huweza kuzuiliwa mpaka nyambizi irudi. Kwa kazi ile ya kujificha chini ya bahari ipo sababu ya kiusalama, nami siibishi. Kinachonisumbua ni kwamba meli nyingi zisizo na sababu hiyo zimeiga tabia ya ukimya, kana kwamba mke na mzazi ni watu wa nje wanaopaswa kuambiwa kidogo iwezekanavyo.

Ilhali familia ndiyo inayojua kwanza. Kabla daktari wa meli hajaona kitu, kabla mkuu wa kitengo hajaandika chochote, kuna mama aliyesikia kwamba sauti ya mwanawe imebadilika, au mke aliyeona kwamba mumewe hataki tena kutaja jina la mtu fulani. Swali langu kwa kila jeshi la majini ni hili: mama huyo ampigie nani? Akipiga melini, simu inapokelewa na watu walewale. Akipiga makao makuu anaambiwa mtoto wake ni mtu mzima na afuate ngazi za uongozi. Ngazi hizo, kwa kuruta anayeonewa na sajenti wake, huanzia kwa sajenti wake.

Aprili 2022 mabaharia watatu wa meli ya kubeba ndege George Washington walijiua ndani ya wiki moja. Meli haikuwa vitani. Ilikuwa kwenye karakana huko Newport News, Virginia, tangu 2017, kwa matengenezo makubwa yaliyopangwa kwisha kwa takriban miaka minne na yakaja kwisha 2023. Mamia ya vijana, wengi wao wakiwa kwenye kituo chao cha kwanza, walikuwa wakiishi ndani ya meli iliyofumuliwa, kwenye kelele za nyundo na harufu ya rangi, huku kazi waliyofundishwa haipo. Waliambiwa waende kuyaona malimwengu, wakakaa miaka wakilinda mlango na kufagia vumbi. Baada ya vifo hivyo, walioishi humo wakaanza kuhamishiwa makazi ya nje. Ina maana makazi yaliweza kupatikana. Na baada ya msiba ndipo wakubwa wakasafiri kwenda kuiona hali ile.

Desemba 2021 Marekani ilikuwa imepitisha sheria yenye jina la baharia mwingine aliyejiua mwaka 2018, Brandon Caserta, baada ya wazazi wake kuipigania Bungeni. Inamruhusu askari kuomba kupimwa afya ya akili kwa siri, bila kumweleza mkubwa wake sababu. Ni sheria nzuri. Ila angalia ni nani aliyeileta: wazazi, baada ya kuzika. Katika kesi ya Tachikaze pia ni wazazi. Ninachodai ni kwamba wazazi na wenzi wapewe nafasi hiyo kabla ya jeneza. Kila kuruta anapotia saini, mtu mmoja anayemchagua yeye apewe namba ya ofisi iliyo nje ya amri ya meli na nje ya kituo cha meli hiyo, yenye mamlaka ya kuagiza kuruta aonwe na daktari au ahamishwe meli ndani ya siku chache, uchunguzi uendelee baadaye. Ahamishwe mlalamikiwa ikiwezekana, kwani desturi ya kumhamisha aliyeonewa humfanya aonekane yeye ndiye tatizo. Kutakuwa na simu za uongo na wazazi wenye hofu nyingi. Hilo ni gharama ndogo.

Turudi kwenye ajira yenyewe, maana ina mchango wake katika uonevu ambao hauzungumzwi vya kutosha. Popote nafasi ya jeshini inaponunuliwa kwa rushwa, aliyeinunua huingia melini akiwa na deni na siri. Hawezi kulalamika; baba ameuza mali, au mjomba ameomba kwa mtu, na kurudi nyumbani ni aibu ya ukoo mzima. Waonevu wanamjua mtu wa namna hiyo kwa kumtazama. Katika meli za biashara dunia ilikwisha kukubaliana: Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi, isipokuwa gharama chache kama cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Unaweka pia mapumziko yasiyopungua saa 77 kwa wiki. Marekebisho yake yaliyoanza kutumika 2019 yakataja unyanyasaji na uonevu wa melini, na tangu Januari 1, 2026 mafunzo ya msingi ya kila baharia wa meli za biashara yanapaswa kugusa ukatili na unyanyasaji, wa kingono ukiwemo. Manowari haziko chini ya mkataba huo. Inanishangaza kwamba baharia anayebeba makontena ana kinga iliyoandikwa kimataifa kuliko yule aliyeapa kuilinda nchi.

Ahadi za waandikishaji nazo ni sehemu ya ajira. Kijana aliyeahidiwa ufundi wa umeme akakabidhiwa brashi ya rangi kwa miaka miwili ameanza utumishi wake kwa kudanganywa na mtu aliyevaa sare. Mwandikishaji akihesabiwa kwa vichwa alivyoleta mwezi huu, ataahidi. Ahesabiwe kwa waliobaki baada ya miaka miwili, atasema kweli zaidi, na tena atakuwa wa kwanza kulalamika meli fulani inapowarudisha vijana wake wakiwa wamevunjika. Hapo jeshi litakuwa limempata mtetezi wa makuruta ndani ya ofisi zake lenyewe.

Na kipimo hichohicho kimfikie sajenti wa chumba cha injini niliyemtaja. Yeye ndiye jeshi, kwa macho ya kuruta. Nahodha ni sura ya mbali. Vyeo vyake leo hutegemea mitihani ya ufundi, miaka kazini na barua nzuri ya mkubwa wake. Hakuna anayeuliza makuruta waliopita mikononi mwake wako wapi. Kumbukumbu zipo: nani aliongeza mkataba, nani aliomba uhamisho katika miezi sita ya kwanza, nani alilazwa, nani alitoroka. Ukizipanga kwa jina la msimamizi badala ya jina la meli, nina hakika majina machache yataanza kujirudia, mengine kwa mabaya na mengine kwa mema. Wale wa mema watafutwe kwanza, wapandishwe, wapewe makuruta wengi zaidi, na waulizwe wanafanya nini. Wale wengine wapewe kwanza watu na usingizi wanaohitaji, kwa sababu nimesema hapo juu kwamba kazi ya watu saba haifanywi na wanne bila mtu kuumia. Halafu wakibaki vilevile, waondolewe kwenye usimamizi wa vijana, hata kama ni mafundi hodari kuliko wote melini.

Takwimu hizo hazihitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Zinahitaji karani wa uandikishaji, ofisa wa ustawi wa familia na mwendesha mashtaka wa kijeshi wakae chumba kimoja na faili zao wazi, kila robo mwaka, mbele ya mkuu mwenye mamlaka ya kuizuia meli isiondoke bandarini mpaka ipate watu wake kamili.